Mombo–Lushoto–Mtae kwa magari ya abiria: nipange vipi siku nne?

mkazi_wa_goba aliandika:

Habari zenu wakuu.

Nataka kwenda kutembea milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, mwezi wa saba, tuko wawili, tunatokea Dar. Watu wengi wanaoelezea njia ile (Mombo, Soni, Lushoto, Irente, halafu juu mpaka Mtae) wameenda na gari lao, wanasimama wanapotaka na kupiga picha. Sisi hatuna gari na sitaki kukodi. Nina siku nne kamili, ya kwanza na ya mwisho zikiwa za safari.

Ninachoomba kujua:

1. Nishukie Mombo au nitafute basi linaloingia Lushoto moja kwa moja?
2. Mtae inawezekana kwenda na kurudi siku moja kwa usafiri wa umma?
3. Irente (ukingo wa kutazamia bonde), Magamba (msitu) na Soni (maporomoko) wanafikaje watu wasio na gari?
4. Mwenzangu anatapika sana kwenye kona. Kuna namna?
5. Treni ya kaskazini inafaa kwa safari hii?

Gesti za kawaida zinatutosha. Asanteni.

---

Shambalai_juu alijibu:

Naanza na swali la pili, kwa sababu ndilo linalopanga safari nzima. Hapana, Mtae huwezi kwenda na kurudi siku moja. Si kwa sababu ya umbali, ni kilomita sitini na kitu tu kutoka Lushoto. Tatizo ni kwamba magari ya kule yanafuata maisha ya mkulima na mfanyabiashara, hayamfuati mtalii. Alfajiri yanateremsha watu na mizigo kwenda Lushoto, Tanga na Dar. Mchana yanawarudisha nyumbani. Wewe unataka kupanda asubuhi na kushuka jioni, yaani kinyume kabisa na mkondo. Basi la Mtae linatoka stendi ya Lushoto mchana, kwenye saa 7, na mabasi ya kutoka Mtae yanaanza kuondoka kati ya saa 10 na saa 11 na nusu alfajiri. Ukishalielewa hilo, mengine yote yanajipanga.

Mpango wangu kwa siku nne ni huu, na ningeuanza Jumatatu, sababu utaiona mbele.

Siku ya kwanza: panda basi la saa 12 asubuhi stendi ya Mbezi Luis. Kama kuna basi linaloingia Lushoto moja kwa moja na ni zima, chukua hilo. Halafu ulizia linapita wapi kutoka Dar, maana baadhi hupitia Bagamoyo na kutokea Msata badala ya Chalinze. Kwa mtu wa Goba hilo lina faida, unaweza kuruhusiwa kupandia upande wa Tegeta au Bunju usihangaike kwenda Mbezi. Ila wakubaliane na wewe siku ya kukata tiketi na waandike kituo. Ahadi ya mdomo ya mpiga debe haisimamishi basi.

Ukikosa la moja kwa moja, panda lolote la Same, Moshi au Arusha ushukie Mombo. Hapa kuna mtego wa nauli. Mombo iko kama kilomita 330 kutoka Dar, zaidi kidogo ya nusu ya njia ya Arusha, lakini mabasi ya Arusha mara nyingi yatakutaka ulipe nauli nzima kwa hoja kwamba kiti kitabaki kitupu baada ya Mombo. Kwa viwango vya LATRA (mamlaka inayopanga nauli za mabasi) vilivyoanza Desemba 2023, daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita, kwa hiyo Mombo inaangukia kama 16,000. Daraja la kati ni zaidi ya hapo. Angalia kama viwango vimebadilika kabla hujaenda, halafu piga hesabu yako ukiwa bado dirishani, si ukiwa ndani ya basi. Wakikataa kukuandikia Mombo, tafuta basi linaloishia Same au Korogwe. Korogwe hadi Mombo ni kama kilomita 40 tu na magari madogo yapo muda wote.

Kaa upande wa kulia. Kuanzia Korogwe milima yote iko kulia kwako, kwa hiyo unapata mandhari. Ukipita Makuyuni (hii ya Korogwe, siyo ile ya njia ya Manyara) anza kukusanya vitu vyako na mkumbushe konda. Ukiona kibao cha Mazinde umeshapitiliza.

Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 33 za lami, na ndani ya hizo unapanda karibu mita 1,000. Hiace na Coaster zinajaza ndipo ziondoke, hakuna ratiba. Usiangalie gari lipi limeandikwa nini, angalia lipi limebakiza viti viwili au vitatu. Wapiga debe wanapenda kukuingiza kwenye gari tupu, injini inaunguruma kana kwamba linaondoka sasa hivi, kumbe utakaa humo saa nzima. Mizigo usilipie mpaka mmeshakubaliana: begi la kawaida halina nauli, gunia na tenga ndiyo vina bei.

Jitahidi uwe Mombo kabla ya saa 11 jioni. Giza likiingia magari yanapungua na bei ya kiti inaanza kuwa ya maelewano.

Siku hiyohiyo, ukifika Lushoto saa 9 au 10, weka mabegi gesti na uende Irente. Usiiache kwa asubuhi. Mwezi wa saba asubuhi kule ni ukungu, unaweza kusimama ukingoni na usione kitu zaidi ya weupe. Jioni ndiyo mwanga unaangukia bondeni na unaona Mazinde chini, mashamba ya mkonge na barabara kuu uliyopita mchana, karibu mita 1,000 chini ya miguu yako. Ni kama kilomita 6 kutoka stendi. Hakuna daladala ya kueleweka, kwa hiyo ni bodaboda au miguu, kama saa moja na nusu. Kwa muda wenu pandeni boda kwenda, mrudi kwa miguu kama bado kuna mwanga. Mkitaka boda awasubiri, semeni mapema na mlipe kwa mkupuo mmoja mkirudi, si nusu nusu. Akishalipwa ya kwenda akapata abiria mwingine, hamtamwona tena.

Siku ya pili: asubuhi soko na mji wa Lushoto, toa pesa, kula, na saa 6 mchana muwe mmeshakaa ndani ya basi la Mtae. Nasema saa 6 ingawa basi linaondoka saa 7, kwa sababu viti vya mbele vinaisha mapema. Tena usidanganyike ukasema utaenda Magamba asubuhi halafu udake basi palepale njiani. Ni kweli linapita Magamba, lakini linafika limejaa, na utasimama saa tatu au nne kwenye kona za udongo.

Siku ya tatu iko Mtae nzima. Siku ya nne basi la alfajiri, jioni mko Dar.

Kwa nini Jumatatu? Kwa sababu siku ya tatu inaangukia Jumatano, na Jumatano ndiyo gulio la Sunga, kijiji mtakachokipita kabla ya kufika Mtae. Siku hiyo ndiyo pekee magari na bodaboda zinapita kati ya Mtae na Sunga kutwa nzima, kwa hiyo mnaweza kwenda na kurudi bila kukodi.

Treni: reli ilifika Mombo mwaka 1905, lakini haipandi mlimani, na treni ya abiria iliyorejeshwa (Moshi Desemba 2019, Arusha Oktoba 2020) inatoka Dar jioni na kupita ukanda huo usiku. Utashushwa gizani na hutaona mlima wowote. Haifai kwa hili.

---

konda_mstaafu alijibu:

Mkuu hapo juu amemaliza. Mimi nazungumzia swali la 4 na mizigo.

Anayetapika kwenye kona akae mbele, siti ya kwanza nyuma ya dereva au pembeni ya dereva, kamwe asikae juu ya tairi la nyuma au kiti cha mwisho. Gari refu likikata kona, nyuma ndiyo inayofagia, na dereva wa njia ile anakata kona kama mia kabla ya Lushoto kwa mazoea tu. Macho yawe barabarani mbele, siyo dirisha la pembeni, na simu iwe mfukoni. Kama anatumia dawa ya kichefuchefu, anywe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuanza kupanda. Watu wengi wanaimeza Mombo gari likishaondoka, haiwasaidii kitu mpaka wameshafika Soni. Asipande na njaa, lakini pia asile chipsi mayai Mombo. Mkate mkavu, ndizi moja, maji kidogo. Mfuko mgumu usiovuja awe nao mkononi, si ndani ya begi lililoko kwenye buti.

Kati ya Hiace na Coaster, Coaster inayumba zaidi lakini ina hewa. Hiace inabana, na konda akiongeza mtu wa nne kwenye siti ya watatu hata asiyetapika atatapika. Noah za kuchangia ni haraka ila ndizo zinazokimbia kupita kiasi. Kwa mgonjwa wa kona, subiri Coaster.

Mizigo: begi linaloenda juu ya keria lifungwe ndani ya mfuko wa sandarusi hata kama kumekauka. Si kwa ajili ya mvua peke yake. Mnapopanda juu ni vumbi jekundu, na mnaposhuka ni tenga za nyanya na pichi zinazochuruzika juu ya begi lako. Vitu vya kuvunjika na simu za akiba viende mapajani. Wakati wa kushuka, shuka wewe kwanza uone begi lako linashushwa, usisubiri upewe dirishani.

Jambo lingine. Usiku utaona Fuso zikishuka na kabichi na karoti kwenda Dar, na dereva atakwambia kuna nafasi mbele, rahisi kuliko basi. Achana nazo. Ni gari la mzigo, bima yake haikuhesabu wewe kama abiria, na mteremko ule na mzigo ule breki zinachoka. Harufu ya breki kutoka Soni kushuka unaisikia mwenyewe.

---

bi_kizara alijibu:

Mimi sikubaliani na kuwapeleka Mtae watu wawili ambao mmoja wao hawezi kona. Mombo–Lushoto ni lami. Baada ya Magamba sehemu kubwa ni udongo, mashimo na kona bila mwisho, saa tatu au nne, na alfajiri ya siku ya nne anazirudia zote kisha anaunganisha na Dar. Hiyo si likizo kwa mgonjwa.

Kama ni mimi napanga, ningewaweka Lushoto usiku tatu na kufanya safari fupi fupi. Mandhari ya njia hii mengi yako ndani ya kilomita 20 za mji.

Soni: panda gari la Soni au Bumbuli, siyo la Mombo. Gari la Mombo konda wake hataki abiria wa kushukia njiani kabla hajajaza, atakuzungusha. Soni iko kama kilomita 14 kutoka Lushoto, maporomoko unayaona ukiwa barabarani na unaweza kushuka chini kwa miguu, mawe yanateleza kwa hiyo si kwa ndala. Nenda Jumanne, ndiyo siku ya gulio pale, magari ni mengi na matunda yamepangwa mpaka barabarani. Njiani kati ya Soni na Lushoto, kwa masista, mnapata jibini na jemu.

Magamba: ni kilomita kama 8, Hiace zipo tangu asubuhi. Msitu ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kwa hiyo kuna kiingilio na malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si fedha mkononi. Ulizieni ofisi ya TFS Lushoto mjini kabla ya kupanda. Mkifika getini mtandao ukiwa chini mtakaa mkisubiri namba wakati asubuhi inaondoka, na asubuhi ndiyo mbega wanaonekana. Nusu siku inatosha, kisha teremkeni kwa miguu kurudi Lushoto. Barabara ni mteremko mtupu, mwenzako atakushukuru.

Irente: nakubali jioni. Ongezea kwamba njiani kuna shamba la Irente la Walutheri, wanauza mkate, jibini na juisi, na chakula cha mchana ni vizuri kuagiza mapema kwa simu. Mkifika jioni sana jikoni wameshafunga.

Jumapili ndilo soko kubwa la Lushoto. Kwa hiyo mpango wangu mimi ungeanza Jumamosi na kuisha Jumanne mkishuka kupitia Soni.

---

Shambalai_juu alijibu:

Bi Kizara, hoja ya kona naikubali, lakini usimnyime mtu Mtae kwa sababu ya tumbo. Kijiji kimekaa kwenye mgongo mwembamba wa mlima, pande zote mbili ni bonde. Kaskazini unaona nyika ya Mkomazi mpaka Kenya, na asubuhi ikiwa safi milima ya Upare na Kilimanjaro kwa mbali. Irente ni kuzuri, ila Irente ni dirisha na Mtae ni paa.

Kuna njia ya katikati. Badala ya kurudi na basi la alfajiri, asubuhi ya siku ya nne chukueni boda kutoka Mtae mpaka Lukozi. Lukozi ni soko kubwa la mboga na magari ya kwenda Lushoto ni mengi kuliko Mtae. Mnaondoka kukiwa kumeshapambazuka, mnasimama mnapotaka, na kwenye boda hakuna anayetapika. Hasara ni tatu: ni ghali kuliko basi, vumbi lote ni lenu, na kama kulinyesha usiku udongo ule unakuwa sabuni, hapo rudini kwenye basi. Pia mkifanya hivyo hamtaliwahi basi la asubuhi la kwenda Dar kutoka Lushoto. Itabidi mshuke Mombo mkadake yanayotoka Arusha na Moshi. Yanapita kuanzia mchana, mengine yakiwa yamejaa. Msifanye hivyo Jumapili au siku ya mwisho ya likizo za shule.

Wenye miguu wanaweza kupanda gari la Mlalo badala ya Mtae, walale Mlalo, kisha watembee Mlalo–Mtae. Ni kilomita kama 20, saa tano au sita, mashamba ya matuta na vipande vya msitu. Chukueni kijana wa kuwaongoza kutoka kijijini, njia zinagawanyika sana na zote zinaonekana sawa.

---

mkazi_wa_goba aliandika:

Shukrani sana wakuu, mmenifungua macho. Nimezungumza na mwenzangu, anasema Mtae anaitaka, kona atazivumilia akipata kiti cha mbele. Tutaanza Jumatatu. Maswali mawili ya mwisho: pesa, na baridi. Je, Mtae kuna benki? Na nguo?

---

bi_kizara alijibu:

Basi kama ni hivyo, kata kiti cha mbele cha kurudi jioni ileile mnapofika Mtae, msisubiri siku ya kuondoka. Mabasi yanalala kijijini, mtafute konda na mwambie mnalala gesti gani. Kijiji ni kidogo, watawagongea mlango au watapiga honi. Hata hivyo wekeni na kengele ya simu yenu. Tochi muwe nayo, saa 10 alfajiri ni giza nene na njia ina mitaro.

Pesa: toeni Lushoto, NMB na CRDB zipo. Juu kuna mawakala wa mitandao ya simu tu, na siku ya gulio wakulima wakishatoa zao floti inakwisha kabla ya saa 6. Bebeni noti ndogo. Boda wa Mtae hana chenji ya elfu kumi saa 12 asubuhi, au anasema hana.

Baridi ya mwezi wa saba msiichukulie ya Dar. Sweta nzito, koti la kuzuia upepo, soksi na kofia ya kulalia. Gesti nyingi blanketi ni moja, ombeni la pili kabla mhudumu hajaondoka. Maji ya moto ni ya ndoo, yanachemshwa ukiagiza, kwa hiyo agizeni jioni kama mnataka kuoga. Alfajiri hakuna wa kuwasha moto.

---

konda_mstaafu alijibu:

Nyongeza moja kwa safari ya kushuka. Basi la Mtae linalokwenda Dar likifika Lushoto huwa linasimama stendi kuongeza abiria. Hapo ndipo watu wanashuka kunywa chai na kurudi wanakuta siti ya mbele imeuzwa. Mmoja ashuke, mmoja abaki amekaa, na tiketi yenye namba ya kiti iwe mkononi mwa anayebaki.

Dawa ya mwenzako ainywe mara mbili kwa ratiba hiyo: kabla ya kuondoka Mtae, na kama karatasi ya dawa inaruhusu, tena hapo Lushoto kabla ya mteremko wa Soni. Ukishafika Mombo barabara imenyooka mpaka Dar.

Na mkirudi kaeni kushoto.